Maisha ya Dereva wa Lori la Safari Ndefu

Haya ndiyo maneno ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa wasikilizaji wa mjini na wa mashambani. Yanachapishwa hapa kwa ajili ya wale wasiopata nafasi ya kuyasikia.



Mazungumzo haya yahusu mtu ambaye kila mmoja amemwona, lakini ni wachache waliopata kukaa naye na kumwuliza habari zake. Mtu huyo ni dereva wa lori kubwa, yule apakiaye mzigo katika bandari ya Kilindini na kuupeleka Nairobi, Eldoret, Malaba na Kampala, na pengine mpaka Kigali au Juba. Wakulima walio kando ya barabara humwona akipita kwa kishindo, kuku wakikimbia huku na huku. Watu wa mjini humlaani kwa moshi wake na kwa kuwakawiza njiani. Kisha wote huingia dukani kununua sabuni, unga wa ngano, kitambaa au dawa ya mifugo, wala hawakumbuki ya kuwa vitu hivyo vilisafiri siku kadha wa kadha nyuma ya mgongo wa mtu yule.

Kazi ya kuchukua mizigo kutoka pwani kwenda bara si kazi mpya. Hapo kale ilikuwa kazi ya wapagazi, mzigo kichwani na kibuyu cha maji kiunoni, wakivuka nyika ya Taru ambayo haina huruma kwa mtu mwenye kiu. Mwaka 1890 ilianza kukatwa njia ya magari ya ng'ombe, ambayo baadaye ilifika Busia. Na jina la kituo cha Mackinnon Road ni kumbukumbu ya njia hiyo mpaka leo. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikagusa maji ya Ziwa Victoria. Malori yalikuja nyuma ya hayo yote. Katika miaka ya 1950 dereva aliyetoka Mombasa na Bedford yake alikwenda sehemu kubwa ya njia katika vumbi jekundu, gari likitetemeka juu ya mawimbi ya barabara hata meno yakagongana. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa nyanda za Athi ulilikamata gari kama gundi, na dereva akageuka mkazi wa mahali pale kwa siku mbili tatu.

Leo barabara ni ya lami. Kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni kadiri ya kilomita 480. Kufika mpaka wa Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Na aendaye Kampala hupita kilomita 1,100. Mwezi wa Januari 2018 reli mpya ilianza kuchukua mizigo, na mwaka 2019 ikatolewa amri kwamba makontena yaende kwa gari la moshi. Wakati ule madereva wengi walidhani ya kuwa mkate wao umekwisha, na miji midogo ya kando ya barabara ilipoteza wateja wengi. Amri ile iliondolewa mwaka 2022. Malori yangali yakipita Mtito Andei usiku na mchana, na mama wauza chai wangali wakiyahesabu.

Watu wengi hudhani ya kuwa dereva ni mtu wa mbio. Hii si kweli. Dereva ni mtu wa kungoja. Hungoja kontena lishushwe kutoka melini, hungoja karatasi za forodha zipigwe muhuri, hungoja lakiri ifungwe mlangoni, hungoja mizani, hungoja mpaka, na akiisha kufika hungoja mwenye ghala aamke. Kuendesha gari ni mapumziko yake kati ya kungoja na kungoja. Siku hizi lakiri yenyewe ina mtambo unaotangaza mahali gari lilipo, hata ofisi za ushuru za Kenya, Uganda na Rwanda zaweza kulifuata gari kutoka bandarini mpaka mwisho wa safari. Basi dereva akiacha njia kidogo apate kumsalimu shemeji yake, simu hulia kabla chai haijapoa.

Katika safari hii dereva hayuko peke yake. Yuko na utingo, ambaye watu wa bara humwita tanboi. Huyu ni mwanafunzi, mlinzi, mpishi, fundi na, pale mambo yaharibikapo, ndiye mwenye makosa. Gari likienda, utingo ana ruhusa ya kulala. Gari likisimama, ni dereva alalaye na utingo hukesha. Ndiyo maana yasemwa ya kuwa mtu akitaka kumjua utingo, amtazame mchana: hulala popote, hata juu ya magunia ya saruji, na akiitwa huamka na spana mkononi.

Madereva hupenda kuhadithiana juu ya utingo mmoja aliyeambiwa, gari liliposimama Maungu usiku, "Kijana, linda magurudumu, mahali hapa pana wezi." Kulipopambazuka dereva akazunguka gari, akakuta gurudumu la akiba halipo. Akamwita kijana kwa hasira. Kijana akajibu kwa heshima, "Mzee, uliniambia nilinde magurudumu. Nimeyahesabu usiku kucha, yote yako chini mahali pake. Lile lilikuwa limelala, nikadhani halimo kazini." Haijulikani kama jambo hili lilitokea kweli, maana kila dereva asimuliaye husema ya kuwa utingo yule alikuwa wa mwenzake.

Safari ya kutoka Mombasa huanza kwa kupanda. Gari lenye mzigo mzito hupanda Mazeras na kuelekea Mariakani kwa mwendo ambao mtoto mwenye baiskeli aweza kuushinda, na mara nyingi huushinda, akigeuka nyuma na kucheka. Mariakani pana mizani, na hapa kila mtu huwa mcha Mungu. Sheria ya nchi za Afrika ya Mashariki yasema ya kuwa gari na mzigo wake pamoja visizidi tani 56, na tena kila ekseli ina kipimo chake. Mtu aweza kuwa na uzito halali kwa jumla, na bado akakamatwa kwa sababu mzigo umesogea nyuma ukalemea ekseli za trela. Hapo huonekana mambo ya kuchekesha. Turubai lililoloa mvua hukung'utwa maji. Dumu la maji ya kunywa humwagwa. Utingo huamriwa ashuke, kana kwamba ugali alioula jana ndio utakaovunja sheria.

Wako watu wasemao kwamba mizani ni ya kuwasumbua madereva. Yafaa wajue ya kuwa lami haiumii kwa hesabu ya kawaida. Kwa kanuni waitumiayo wahandisi wa barabara, ekseli ikizidishiwa uzito mara mbili, madhara yake kwa barabara hayawi mara mbili, bali hukaribia mara kumi na sita. Malori machache yaliyopakiwa kwa tamaa yaweza kuimaliza barabara ambayo motokaa ndogo elfu nyingi zisingeiacha hata alama. Kisha ni dereva yule yule aingiaye katika mashimo, na springi zake ndizo zivunjikazo.

Mbele ya Mariakani nchi huwa kavu. Pale Mackinnon Road, karibu kabisa na reli, pana msikiti na kaburi la Seyyid Baghali, mtu wa Bara Hindi aliyefanya kazi ya kujenga reli. Husimuliwa ya kuwa karai lake la mchanga lilikuwa likielea juu ya kichwa chake lisimguse. Madereva wengi husimama hapa, wakaomba, wakatoa sadaka kidogo, Waislamu na wasio Waislamu. Na mbele zaidi, Makindu, lipo hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, ambamo msafiri yeyote hupewa chakula bila malipo, wala haulizwi dini wala kabila. Mtu ambaye njia nzima amekuwa akitukana kwa dirisha, hapa huvua viatu, akafunika kichwa kwa kitambaa, akakaa kimya na kula dengu na chapati kama mtoto aliyelelewa vyema. Akirudi barabarani adabu humtoka tena polepole, na kwa kawaida haifiki Emali.

Katikati ya vituo hivyo viwili iko Tsavo. Hifadhi ya wanyama ilianzishwa huko mwaka 1948, na barabara hupita katikati yake, upande huu Tsavo Mashariki na upande huu Tsavo Magharibi. Ndovu huvuka usiku bila kuwasha taa, na wala hawana desturi ya kumpisha mtu. Habari za simba waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 hazijasahauliwa. Kwa sababu hiyo, utingo ambaye mjini Voi hutumia saa nzima kubadili gurudumu moja, akilalamika juu ya jeki na juu ya jua, likipasuka Tsavo usiku hulibadili katika muda wa kuchemsha chai, wala hasemi neno.

Barabara hii ina lugha yake, na asiyeijua aweza kupoteza maisha. Gari dogo likiwa nyuma ya lori na kutaka kupita, dereva wa lori akiwasha taa ya upande wa kushoto, maana yake ni "Pita, njia iko wazi." Akiwasha ya kulia, maana yake ni "Ngoja, pana gari laja." Taa zikizimwa na kuwashwa upesi kutoka mbele, huenda ni salamu, huenda ni ng'ombe barabarani, huenda ni polisi, mwenyeji hujua kwa namna zinavyomulika. Matawi mabichi yaliyotandazwa katika lami yasema ya kuwa mbele lipo gari lililoharibika. Sheria yataka kuwekwa vibao vya pembetatu ving'aavyo, navyo ni bora zaidi, maana jani halionekani gizani. Lakini kibao kizuri kikiachwa barabarani usiku, mara nyingi asubuhi huonekana kikipamba ukuta wa nyumba ya mtu. Na tawi la mti halina mwizi.

Sasa hapana budi kusema juu ya usingizi, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Sheria ya Kenya, kwa marekebisho ya mwaka 2012, humkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane kwa jumla katika kila saa 24. Ni sheria njema. Lakini madereva wengi hulipwa kwa safari. Safari mbili ni fedha za safari mbili. Na mtu akiisha kupoteza siku mbili langoni mwa bandari na siku moja mizanini, siku hizo hakuna amlipaye. Atazirudisha wapi? Hana mahali pa kuzitoa isipokuwa katika usiku wake mwenyewe. Kwa hiyo hununua miraa, akaweka kifurushi juu ya dashibodi, chupa ya soda kando yake, akajiambia ya kuwa atalala akifika Sultan Hamud. Akifika Sultan Hamud hujiambia Salama. Jina la Salama lenyewe humdanganya.

Miraa huyafumbua macho, lakini haiupumzishi ubongo. Baina ya saa nane za usiku na saa kumi na moja alfajiri mwili wa binadamu hutaka usingizi kwa nguvu kuliko wakati mwingine wowote, hata wa mtu aliyezoea kukesha. Hapo ndipo dereva alalapo huku macho yamefumbuka. Madereva wazee wajua dalili zake. Mtu huona daraja mahali pasipo na daraja. Huona ng'ombe mweupe amesimama barabarani, akakanyaga breki, na ng'ombe hayupo. Au hutambua ghafula ya kuwa amepita Kibwezi, na hakumbuki kuiona. Dereva aliyefika hapo hana dawa nyingine. Si maji ya baridi usoni, wala kuimba, wala kumwamsha utingo amsimulie hadithi. Dawa ni kuegesha gari mahali penye watu na kulala, hata kama ni nusu saa. Wako wafanyao hivyo, nao hupigiwa simu na karani wa mizigo akiuliza kwa nini gari limesimama, kwa maana mtambo ule ulio katika lakiri wajua kusema ya kuwa gari limesimama, lakini haujui kusema ya kuwa mtu amechoka. Ni haki kumlaumu dereva avunjaye sheria ya saa nane. Ni haki vile vile kumwuliza mwenye gari na mwenye mzigo ni nani aliyepanga siku ya kufika.

Akifika nyanda za Athi, dereva hukuta mji wa Mlolongo, ambao jina lake lilitokana na safu ndefu ya malori yaliyokuwa yakingoja mizani. Huko, kama ilivyo katika vituo vingine vya njia hii, vipo vyumba vya kulala, vibanda vya chakula, mafundi wa tairi, na watu wa kila aina wajuao ya kuwa dereva ana fedha za safari mfukoni. Katika miaka ya 1980 na 1990 ugonjwa wa ukimwi ulisafiri katika njia hii pamoja na mizigo, ukaingia katika nyumba nyingi, za madereva na za wale waliowauzia chakula. Baadaye vilifunguliwa vituo vidogo vya afya kando ya barabara, ambavyo hufunguliwa hata usiku, kwa sababu dereva hana mchana wake mwenyewe. Hapo mtu hupimwa damu, macho na shinikizo la moyo. Mwanzoni wengi waliingia wakitazama nyuma, kama waingiao kwa mganga.

Ukiacha Nairobi, malori mazito huteremka Bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu. Chini ya mteremko lipo kanisa dogo sana, lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliani waliokuwa wakitengeneza barabara ile. Ni dogo kuliko kontena moja. Madereva wachache huingia ndani. Walio wengi husali wakiwa kwenye usukani, jambo ambalo katika mteremko ule si la kudharauliwa.

Lakini mteremko unaotisha zaidi uko mbele ya Nakuru, kati ya Mau Summit, Sachangwan na Salgaa. Hapa iko hila ya zamani ambayo imewaua wengi, nayo ni kuondoa gia, gari likaserereka lenyewe. Dereva afanyaye hivyo huhesabu lita chache za dizeli alizookoa, ambazo labda atauza Salgaa kwa mtu mwenye mpira na dumu. Hesabu yake ni sahihi mpaka gurudumu la kwanza. Gari likiwa katika gia ndogo, injini yenyewe hulizuia. Gia ikiondolewa, tani zote hutegemea breki peke yake. Breki hupata moto, na breki iliyopata moto sana hupoteza nguvu, hata mguu ukikanyaga hukanyaga bure. Kulirudisha gari katika gia wakati ule ni shida kubwa, maana mwendo umekwisha kuipita injini. Tangu hapo gari si la dereva tena. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori liliacha njia likaingia katika magari yaliyosimama na watu waliokuwa wakiuza na kununua kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafa. Waliokufa walikuwa na mboga mikononi.

Na huko Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilianguka. Watu wa karibu walikuja na ndoo, madumu na sufuria kuchota mafuta, wengine wakiwaita ndugu zao waje upesi kabla hayajaisha. Moto ukawaka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Tangu siku ile, dereva wa petroli akipata ajali, jambo la kwanza afanyalo, kama angali na nguvu, ni kupiga kelele kuwafukuza watu; nao humwona mchoyo. Msomaji aliye karibu na barabara na awaambie watoto wake jambo hili wazi wazi: petroli iliyomwagika haina mwenyewe, ila mvuke wake hutangulia mbele ya mtu, na cheche moja ya sufuria iliyogonga jiwe yatosha.

Zaidi ya hapo barabara hupanda mpaka Timboroa, mahali penye mita zaidi ya 2,500 juu ya bahari, penye baridi ya kutetemesha. Dereva aliyetoka Mombasa na kikoi, kifua wazi, hapa huvaa makoti mawili, na utingo hujifunga turubai. Kisha huja Eldoret, mji ambao wazee wa nchi ile waliuita Sisibo, kwa sababu ulianza katika shamba namba 64, na masikio ya wenyeji yakalitengeneza neno la Kiingereza kwa namna iliyowapendeza. Webuye na Bungoma hupitwa upesi, maana kila mtu awaza Malaba.

Malaba ni chuo kikuu cha kungoja. Tangu ofisi za Kenya na Uganda zilipoanza kufanya kazi pamoja mahali pamoja, safu ya malori imepungua sana kuliko zamani. Lakini mtambo wa ofisi ukikatika, au karatasi moja ikikosa tarakimu moja, safu hurudi. Hapo utaona maisha ya kijiji kizima kandokando ya magurudumu. Sanduku lililofungwa ubavuni mwa trela hufunguliwa, na ndani yake mna jiko, sufuria, unga, chumvi na vitunguu. Nguo zilizofuliwa hutundikwa juu ya kamba za turubai. Kinyozi hupita na kioo chake. Drafti huchezwa kwa vizibo vya soda, Mkenya na Mnyarwanda, Mganda na Msomali, wote wakigombana kwa Kiswahili cha namna nne. Lori la mbele likisogea hatua kumi, wote huacha michezo na ugali, hukimbilia magari yao, huwasha injini, husogea hatua kumi, huzima, kisha hurudi. Na kila mara yuko mmoja anayedai kwamba kete zake zilikuwa zaidi alipoondoka.

Mwaka 2020 jambo hili halikuwa la kuchekesha. Ugonjwa wa korona ulipoingia, watu wote waliambiwa wakae nyumbani. Madereva waliambiwa waendelee, maana bila wao dawa na chakula visingefika. Wakapimwa mpakani, wakangoja majibu siku kadha, na safu ya Malaba ikawa ndefu makumi ya kilomita. Wakalala chini ya trela zao, mvua ikinyesha. Na kwa kuwa walitoka mbali, walionekana kama ndio ugonjwa wenyewe. Kibanda ambacho dereva alikuwa amekula miaka kumi, mama mwenyewe akimwita "mwanangu," kilifungwa alipokaribia. Alirudi garini, akapika. Baadhi yao hawajasahau, ingawa mama yule sasa huwaita tena.

Nyumbani mambo yamebadilika kwa njia moja kubwa. Zamani mke wa dereva alingoja barua, au alingoja dereva mwingine apitaye alete salamu na fedha zilizofungwa katika leso, na fedha hizo zilikuwa na tabia ya kupungua njiani. Tangu mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza, karo ya shule hufika ingawa baba yuko Tororo. Hii ni neema. Lakini husemwa na wenyewe kwa utani wenye uchungu ndani yake ya kuwa siku hizi fedha hufika nyumbani mara nyingi kuliko mwenye fedha, na watoto wamemjua zaidi kwa mlio wa simu. Yuko mtoto aliyeulizwa na mwalimu kazi ya baba yake, akajibu, "Baba yangu hutuma." Mwalimu akauliza, hutuma nini? Mtoto akasema, "Hutuma tu."

Dereva akipata siku zake mbili au tatu nyumbani, hufika na ndizi za Uganda, sukari, na kanga aliyoinunua Mombasa. Jirani huja kusalimu. Wazee humwuliza habari za nchi zote alizopita, naye huwaeleza kama mtu aliyezitawala. Usiku huingia kitandani mapema kwa furaha, akasema ya kuwa leo atalala usingizi wa mfalme. Kumbe kitanda hakitetemeki, wala hapana mlio wa injini, na kimya kile humnyima raha. Hugeuka huku na huku mpaka usiku wa manane. Ndipo alalapo, na mikono yake huanza kuzunguka juu ya blanketi, na mguu wa kulia hukanyaga, hukanyaga, kwa kuwa katika ndoto yake anateremka Salgaa. Mke wake, aliyekwisha zoea, humshika bega na kumwambia taratibu, "Baba watoto, tumefika. Zima gari."

Naye huzima, akalala, mpaka karani wa mizigo apige simu kumwambia ya kuwa meli imetia nanga Kilindini.